Mwongozo kamili wa kumtambua na kumfuatilia mbwigu mgongo-mwekundu

Jina lake limepoteza watu wengi. Mtu anasikia "mgongo-mwekundu", anachukua darubini, anatafuta ndege mwenye mgongo wa rangi ya kutu, na anarudi nyumbani akiamini hakuona kitu, ilhali amepita mbele ya ndege watano wa aina hiyohiyo. Mgongo ule ni wa dume aliyekomaa peke yake. Jike hana, na kijana wa mwaka wake wa kwanza hana, awe dume au jike. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na rangi. Unaanza na kalenda, unakuja kwenye mkao, unapita mkiani, na rangi inakuja baadaye kuthibitisha kile ambacho tayari umeshakishuku.

Ndege tunayemzungumzia ni Lanius collurio, aliyepewa jina hilo la kisayansi na Linnaeus mwaka 1758. Lanius kwa Kilatini ni mchinjaji, mtu wa buchani, na utaona baadaye kwa nini. Anazaliana Ulaya na magharibi mwa Asia hadi Siberia ya magharibi, kisha anakuja kukaa kusini mwa Afrika wakati kwao ni baridi. Afrika Mashariki kwake ni njia. Ndiyo maana kalenda ni muhimu kuliko kitu kingine chochote: hakai, anapita.

Hatua ya kwanza: jua mwezi wa kutoka kumtafuta

Kuna misimu miwili ya kumtafuta Kenya na Tanzania, na haifanani.

Msimu mkubwa ni mwisho wa Machi hadi mwanzo wa Mei, Aprili ikiwa kilele. Hapo ndege wanarudi kaskazini, wana haraka, na wanapita kwa wingi. Jambo la kufurahisha zaidi ni kwamba wakati huo karibu wote wamevaa vizuri. Mbwigu huyu hubadilisha manyoya akiwa kusini mwa Afrika, kati ya Desemba na Machi hivi, na hata kijana aliyekuja na manyoya ya utotoni huondoka akiwa na sura ya mtu mzima. Dume la Aprili ni safi kama lililotoka kwa fundi jana.

Msimu mdogo ni mwisho wa Oktoba hadi Desemba, ndege wakielekea kusini. Wanaopita Kenya wakati huo huonekana zaidi upande wa mashariki, katika nchi kavu ya vichaka kuelekea Tsavo na nyuma ya pwani. Wengi wao ni vijana, na wakubwa waliomo wana manyoya yaliyochakaa kwa msimu mzima wa kulea. Rangi zimefifia, mabaka yamekatika, na kila ndege anaonekana kama aina nyingine.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: anza Aprili. Novemba ni mtihani, na hakuna sababu ya kukaa kwenye mtihani kabla ya kufundishwa. Mtu aliyemwona dume la Aprili mara kumi ataweza kumsoma kijana wa Novemba kwa umbo tu. Aliyeanza na kijana wa Novemba atakata tamaa, aseme wadogo wote wa kahawia ni shomoro.

Januari na Februari usimtafute kaskazini mwa Tanzania wala Kenya kwa matumaini makubwa. Wakati huo yuko chini kabisa, Botswana, Namibia, Zimbabwe, kaskazini mwa Afrika Kusini na nchi za jirani, na mbwigu wa kahawia utakayemwona Kenya mwezi huo huenda ni jamaa yake mwingine ambaye tutamfikia.

Hatua ya pili: chagua mahali pa kusimama

Mwituni usimtafute. Nyasi tupu zisizo na hata kijiti nazo hazimfai. Anachotaka ni nchi iliyochanganyika: vichaka vilivyotawanyika, migunga midogo, uwazi wa ardhi katikati ili aone mdudu anayetembea, na kitu cha kukalia. Ukingo wa shamba lenye ua wa miiba ni mahali pazuri sana. Uzio wa seng'enge pia. Nyaya za simu na umeme zilizo chini chini huzikalia, ingawa kwa kawaida hupenda kikalio cha kati ya mita moja na tatu kutoka ardhini, si kilele cha mti mrefu.

Toka asubuhi, saa kumi na mbili na nusu hadi saa nne, au jioni kuanzia saa kumi. Mchana wa jua kali hujificha ndani ya kichaka, na utamaliza maji yako bure.

Jambo moja ambalo wazoefu wanalijua: ndege hawa husafiri usiku. Mvua ikipiga usiku wa Aprili, wale waliokuwa angani hushuka popote walipo. Asubuhi yake, kichaka ambacho jana hakikuwa na kitu kinaweza kuwa na wanne au watano, kila mmoja kwenye ncha yake, wamelowa na wanajianika. Ukiwa na siku moja tu ya kutoka katika wiki, ichague ile inayofuata usiku wa mvua.

Hatua ya tatu: soma mkao kabla ya kufungua darubini

Kwa mbali, kabla hujaona rangi yoyote, mbwigu huyu hujitambulisha kwa namna anavyokaa. Hakai katikati ya majani. Hukaa ncha ya tawi, wazi, peke yake, kimya, akiwa amesimama wima kidogo au ameinama mbele akitazama chini. Kichwa ni kikubwa kwa mwili wake, shingo fupi, na mkia ni mrefu kiasi unaoonekana kama umeongezwa baadaye. Huuchezesha mkia huo: unazunguka taratibu, unapepea upande huu na upande ule, wakati mwingine anaukunjua kama upepeo wa mkono. Ndege wengine wa vichakani hutikisa mkia juu na chini. Wa kuuyumbisha kando kwa kando namna ile, akiwa ametulia mwili mzima, ni wachache.

Ukubwa wake ni sentimita 16 hadi 18 kutoka mdomo hadi mkia, na uzito ni gramu 25 hadi 35 hivi. Yaani ni mkubwa kuliko shomoro kwa kiasi kidogo tu, na sehemu ya tofauti hiyo ni mkia. Watu wanaomsoma vitabuni kama mwindaji mkali hushangaa wakimwona: walitarajia kitu cha kimo cha kozi.

Kisha mdomo. Ni mfupi, mnene, mweusi au wa rangi ya pembe, na ncha ya juu imepinda kama ndoana. Nyuma ya ncha hiyo kuna pengo na kijino, kama ilivyo kwa kozi. Ukiwa na darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, na ndege yuko mita thelathini, ndoana utaiona. Kijino hutakiona, lakini ujue kipo. Ndicho kinachovunja shingo ya mdudu mkubwa au mjusi.

Hatua ya nne: dume

Hapa maneno machache yanatosha, maana dume la Aprili halina utata. Kichwa na shingo ni kijivu chenye ubuluu. Utepe mweusi unatoka kwenye mdomo, unapita machoni, unafika nyuma ya sikio, kama jambazi wa kwenye katuni. Mgongo na mabawa ya juu ni rangi ya kutu iliyokolea. Kiuno kinarudi kuwa kijivu. Kifua na tumbo ni vyeupe vyenye wekundu hafifu wa waridi, na koo ni jeupe kabisa.

Mkia ni mweusi katikati na kwenye ncha, wenye meupe kando kando kuanzia kwenye shina. Akiruka mbele yako na kuukunjua, unaona kama herufi T nyeusi iliyopinduliwa juu ya kitambaa cheupe. Alama hiyo peke yake inatosha kumtaja hata ukimwona kwa nukta moja akitokomea.

Hatua ya tano: jike na kijana

Hapa ndipo kazi ilipo.

Jike ni kahawia juu, kahawia yenye joto, mara nyingi na kijivu kidogo kisogoni na kiunoni. Badala ya utepe mweusi ana baka la kahawia nyuma ya jicho. Chini ni mweupe wa maziwa, na ubavuni na kifuani amechorwa vijimwezi vyembamba vyeusi, mstari juu ya mstari, kama magamba ya samaki. Vijimwezi hivyo ndivyo vya kutafuta. Mkia ni kahawia iliyokolea, wenye ukingo mwembamba mweupe.

Usishangae ukimwona jike mwenye kichwa cha kijivu na utepe uliokolea karibu kama wa dume. Wapo. Mtazame ubavuni: vijimwezi vikiwepo kwa wingi, na mkia ukiwa wa kahawia bila ile T, huyo ni jike aliyejipamba.

Kijana anafanana na jike, isipokuwa vijimwezi vyake havikomi tumboni. Vipo juu pia: utosini, mgongoni, kwenye mabega. Kila unyoya wa mgongo una ukingo wa rangi hafifu na mstari mweusi ndani yake, na matokeo yake ni ndege anayeonekana amefunikwa magamba kote. Katika Oktoba na Novemba baadhi ya magamba ya mgongoni yatakuwa yameshabadilishwa, mengine bado. Kanuni ninayoitumia ni rahisi: magamba chini tu, fikiria jike mkubwa; magamba chini na juu, fikiria kijana. Jinsia ya kijana wa Novemba iache. Ukiandika "kijana" umeandika kweli.

Hatua ya sita: mtenge na jamaa zake

Ukoo wa mbwigu ni mkubwa, na baadhi ya ndugu zake ni wakazi wa kudumu wa Afrika Mashariki. Wakazi hao wengi hawatakusumbua. Wale weusi juu na weupe chini wenye mkia mrefu, wanaokaa kwenye nyaya za barabarani mwaka mzima wakiwa na mstari mweupe begani, ni wakubwa zaidi na hawana kahawia ya kutaja wakishakomaa. Makinda yao ndiyo yanaweza kukuyumbisha, kwa sababu yana rangi ya majivu na udongo na michoro ya magamba. Mtazame bega: mstari mweupe au uliofifia ukiwepo, huyo ni mkazi.

Anayesumbua kweli ni mbwigu mkia-mwekundu, na hapa nakaa kidogo kwa sababu makosa mengi ninayoyaona katika orodha za watazamaji yanatoka hapa. Wataalamu siku hizi wanamgawa katika aina mbili, Lanius isabellinus na Lanius phoenicuroides, zote kutoka Asia. Tofauti na mbwigu wetu, hawa wanakuja na kukaa: wapo nchi kavu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania kuanzia Novemba hadi mwanzo wa Aprili. Jike na kijana wao ni kahawia, wana vijimwezi ubavuni, wana baka nyuma ya jicho. Kila kitu nilichokueleza kuhusu jike wa mbwigu mgongo-mwekundu, wao pia wanacho.

Kinachowatenga ni mkia. Yule wa mkia-mwekundu ana mkia wa rangi ya kutu inayong'aa, na rangi hiyo inapanda hadi kiunoni, ilhali mgongo ni wa mchanga uliopauka. Yaani mkia una rangi kuliko mgongo. Kwa mbwigu wetu mambo ni kinyume: mgongo una joto kuliko mkia, na mkia ni wa giza. Kwa hiyo mwangalie akiruka akiwa amekupa mgongo. Kinachowaka ni nini? Kikiwaka mkia, ni mkia-mwekundu. Kukiwa hakuna kinachowaka, au kinachowaka ni mgongo, ni mgongo-mwekundu. Tahadhari moja: kijana wa mgongo-mwekundu huweza kuwa na mkia wenye kutu kidogo, na jua la jioni huongeza chumvi. Rudi kwenye magamba ya mgongoni; yakiwa meusi na dhahiri, umempata.

Dume la phoenicuroides nalo lina utepe mweusi, lakini utosi wake una kutu, juu ya jicho kuna mstari mweupe, na kwenye bawa kuna kibaka cheupe kinachoonekana vizuri akiruka. Huko Asia ya Kati, mipaka ya hizi aina inapokutana, hujamiiana na kuzaa machotara. Ukikuta ndege asiyeingia kwenye sanduku lolote, huenda si wewe uliyekosea.

Wa tatu ni mbwigu kijivu mdogo, Lanius minor, anayepita pamoja na wetu mwezi wa Aprili, mara nyingine kwenye uzio uleule. Neno "mdogo" lisikudanganye. Ni mkubwa kuliko mgongo-mwekundu, karibu sentimita 20. Mgongo ni kijivu, mabawa meusi yenye baka jeupe, na utepe wake mweusi haukomi machoni bali unapanda na kufunika paji lote la uso. Kutu hana hata kidogo.

Hatua ya saba: mtazame akiwinda

Ukishamtambua, usiondoke. Orodha ina kazi yake, lakini ndege huyu analipa mtu anayekaa.

Kaa umbali wa mita thelathini au zaidi. Gari lililozimwa ni kificho kizuri kuliko mtu aliyesimama. Utaona anafanya hivi: anatazama chini, kichwa kinageuka kidogo kidogo, kisha anajiachia kwa mstari wa mteremko hadi ardhini, anadonoa, na anarudi kwenye kikalio kilekile au cha jirani. Mara nyingine anachomoka na kumdaka mdudu angani. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, anaruka na kurudi bila kupumzika.

Chakula chake kikubwa ni wadudu: mbawakawa, panzi, nyenje, nyuki, nyigu. Akikamata nyigu hamezi papo hapo. Humburuza na kumsugua kwenye tawi hadi mwiba wa sumu utoke, ndipo anakula. Hukamata pia mijusi midogo, panya wadogo, na makinda ya ndege wengine anapoyakuta.

Jambo la kuelewa ni miguu yake. Ana mdomo wa kozi lakini miguu ni ya ndege mwimbaji, myembamba, isiyo na nguvu ya kushikilia nyama wakati mdomo unararua. Mwewe hubana windo chini ya kucha, huyu hawezi. Suluhisho lake ni mwiba. Anachoma windo kwenye mwiba au kwenye seng'enge, au analikwamisha kwenye panda ya tawi, mwiba unakuwa mkono wa pili, naye anararua vipande. Hilo ndilo chimbuko la jina la mchinjaji. Wajerumani wamemwita Neuntöter, muuaji wa tisa, kwa imani ya zamani kwamba huua tisa kabla ya kula mmoja. Si kweli, lakini anayeona kichaka kilichotundikwa panzi na mbawakawa anaelewa imani hiyo ilitoka wapi.

Hatua ya nane: kagua miiba, lakini usihitimishe haraka

Kule anakozaliana, ghala la miibani lina kazi ya pili: akiba. Siku ya jua anatundika zaidi ya anachokula. Siku ya baridi na mvua, wadudu wakijificha, familia inakula kutoka ghalani.

Afrika mambo ni tofauti kidogo. Halei mtu, na wadudu ni wengi, hivyo hutundika mara chache kuliko anavyofanya kwao. Kwa hiyo ukikuta panzi mkavu kwenye mwiba wa mgunga, usiandike haraka kwamba mgongo-mwekundu amepita. Wale mbwigu wakazi nao wana tabia hiyohiyo, na wako hapo mwaka mzima. Mwiba unathibitisha ukoo tu. Andika aina pale tu utakapomwona ndege mwenyewe akitundika.

Ushahidi mwingine uko chini ya kikalio anachokipenda. Mbwigu hutapika vidonge vidogo vya mabaki asiyoweza kusaga: magamba magumu ya mbawakawa, miguu ya panzi, mara nyingine mifupa midogo. Kidonge kikavu ukikivunja juu ya karatasi nyeupe unasoma mlo wake wa siku iliyopita. Ni kazi ya kuchafua mikono kidogo, na watoto huipenda kuliko darubini.

Hatua ya tisa: sikiliza, ila usitegemee

Safarini hana maneno mengi. Akishtuka hutoa mlio mkavu, "chak, chak", kama mawe mawili yakigongana, na mkia hukunjuka papo hapo. Wimbo wake halisi ni wa chini, wa kunong'ona, uliojaa vipande alivyoiga kwa ndege wengine. Unausikia ukiwa karibu tu. Tafadhali usimchezee sauti kwenye simu ili aje karibu. Ndege aliye safarini anajaza mafuta ya mwili, na kila dakika anayopoteza kumtafuta mpinzani asiyekuwepo ni panzi ambaye hakuliwa.

Hatua ya kumi: fuata njia yake yote

Hapa ndipo ndege huyu alipowashangaza hata waliomsoma maisha yao yote. Haendi na kurudi kwa njia moja.

Wakubwa huondoka kaskazini Agosti, vijana baadaye kidogo. Kijana hasafiri na wazazi. Anaondoka peke yake, usiku, akifuata mwelekeo aliozaliwa nao. Wanavuka mashariki mwa Bahari ya Mediterania, wanaingia Misri, na wengi hupumzika kwa wiki kadhaa katika ukanda wa Saheli, Sudan na jirani zake, ambako mvua zimeacha majani na wadudu. Kutoka hapo ndege wa Ulaya hushuka kwa njia ya magharibi zaidi, kuelekea Kongo na Angola, hadi wanafika kusini Novemba na Desemba. Ndiyo maana Kenya huwaoni wengi wakati wa kwenda.

Kurudi ni njia nyingine. Mwisho wa Machi wanaondoka kusini, wanapanda kupitia Tanzania, Kenya, Ethiopia na Somalia, wanavuka Rasi ya Uarabuni, kisha wanageuka kuelekea Ulaya na kufika Mei. Ukichora kwenye ramani, ni duara kubwa linalozunguka kinyume cha mishale ya saa. Safari nzima inapita kilomita elfu ishirini.

Haya yalijulikanaje? Watafiti wa Skandinavia waliwafunga mgongoni kifaa cha gramu moja hivi kinachorekodi mwanga tu. Urefu wa mchana unaeleza ndege yuko kaskazini au kusini kiasi gani. Saa ya adhuhuri inaeleza yuko mashariki au magharibi. Kifaa hakitumi habari popote. Lazima ndege yuleyule anaswe tena mwaka unaofuata, avuliwe, na kisomwe. Wengi hawarudi, kwa hiyo kila kifaa kilichopatikana ni kama barua iliyookotwa baharini.

Barua hizo zilieleza jambo kubwa kuhusu mwaka 2011, mwaka wa ukame mkali wa Pembe ya Afrika. Ndege walipofika huko wakirudi, hawakupata wadudu wa kutosha kujaza mafuta. Walikaa muda mrefu kuliko kawaida, na wakachelewa kufika Ulaya kuzaliana. Utafiti huo ulichapishwa katika jarida la Science mwaka 2012. Mvua isiyonyesha Somalia ilichelewesha viota vya Denmark.

Kwa upande wa Kenya, kituo muhimu ni Ngulia, ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Tangu mwaka 1969, katika Novemba na Desemba, wavisha pete, watu wanaofunga pete ndogo miguuni mwa ndege ili watambulike wakinaswa tena, hukusanyika kwenye nyumba ya wageni iliyo juu ya kilima. Usiku wa ukungu usio na mwezi, taa za pale huwavuta wasafiri wa angani, na alfajiri wananaswa kwa nyavu laini, wanapimwa, wanavishwa pete na kuachiwa. Wengi ni ndege wadogo wa aina nyingine, lakini mbwigu mgongo-mwekundu na mkia-mwekundu wote wamo, na pale ndipo unaweza kuwaona wawili hao wameshikwa mikono miwili ya mtu mmoja. Hakuna somo la mkia linaloshinda hilo.

Ukibahatika kumwona kwao

Kati ya Mei na Julai, nchi kama Poland, Romania au Bulgaria bado zina wengi. Dume hufika kwanza, huchagua kichaka chenye miiba, humlisha jike wakati wa kuchumbiana. Kiota ni kikombe kinene ndani ya kichaka hicho, mita moja au mbili kutoka chini. Jike hutaga mayai manne hadi sita na kuyalalia kwa takriban wiki mbili, dume akimletea chakula. Makinda nayo hukaa kiotani kama wiki mbili nyingine.

Uingereza, ambako zamani alikuwa wa kawaida mashambani, alikoma kuzaliana kwa kudumu mwishoni mwa miaka ya 1980. Baada ya hapo ni jozi chache tu za hapa na pale. Katika magharibi mwa Ulaya kwa ujumla, kilimo kilichong'oa ua za miiba na kunyunyizia dawa wadudu kilimnyima nyumba na chakula kwa wakati mmoja. Njiani nako kuna nyavu za pwani ya Misri na vijiti vya ulimbo vya Cyprus. Duniani kwa jumla bado hayumo katika hatari ya kutoweka.

Hatua ya mwisho: andika ipasavyo

Orodha isiyo na tarehe haina maana kwa ndege anayepita. Andika tarehe, saa, mahali kwa usahihi, idadi, na uwagawe: dume, jike, kijana, asiyejulikana. Andika alikaa kwenye nini na kwa urefu gani. Kama ulitofautisha na mkia-mwekundu, andika ulichokiona mkiani, si hitimisho pekee; mtu atakayesoma baada ya miaka kumi ataamini maelezo kuliko jina.

Kisha peleka taarifa kwenye miradi ya ramani za ndege, Kenya Bird Map kwa Kenya au Tanzania Bird Atlas kwa Tanzania, au kwenye eBird, tovuti ya orodha za watazamaji ndege, popote ulipo. Na uandike hata siku ulizotoka usimwone. Tarehe ya ndege wa kwanza kila mtu huikumbuka. Ile ya wa mwisho ndiyo hupotea, kwa sababu siku unayomwona hujui kwamba ndiye wa mwisho. Endelea kutoka hadi katikati ya Mei, uandike sifuri kila siku uzio unapokuwa mtupu.